Jumamosi za Atupokile Maktabani

Baba yangu, Ambindwile, alitunza maktaba ya sekondari kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kusoma kitabu hata kimoja kati ya vile alivyovitunza. Msimcheke. Vitabu vile karibu vyote vilikuwa vya Kiingereza, naye aliishia darasa la nne la misheni, akatoka na Biblia ya Kiswahili, nyimbo za Kinyakyusa na mwandiko mzuri. Huo mwandiko ndio uliompa kazi. Aliandika barua ya kuomba kufyeka majani, mkuu wa shule wa wakati ule akaitazama, akasema mtu mwenye herufi hizi hapewi fyekeo.

Shule yenyewe siitaji jina. Ni ya kidato cha tano na sita, iko upande wa Kinyala, na kutoka nyumbani kwetu ni mwendo wa robo saa kupanda, katikati ya migomba na chai za watu. Nilipokuwa mdogo niliamini maktaba ni mali ya baba. Alikuwa na sheria zake mle. Mlangoni aliweka karai la maji na kipande cha sabuni ya mche, kila mwanafunzi anawe kwanza, maana watoto wale walikula maparachichi njia nzima. Koti la mvua lilibaki nje. Na kwa kuwa kwetu mvua haiji kutembea, inakaa, basi jua likichomoza tu baba alitoa vitabu uani akavianika kwenye mikeka, vimefunuliwa katikati. Vilivyozidi unyevu alivibeba nyumbani akavipanga kwenye dari la jikoni, tunakokaushia mahindi. Ndiyo maana nasema wapo mawakili na madaktari nchi hii ambao wakikumbuka elimu yao wanakumbuka harufu ya moshi wa jiko letu.

Hakujua kilichoandikwa ndani, lakini alijua kila kitabu kimepita mikononi mwa nani. Nyuma ya kila kimoja palikuwa na karatasi yenye majina ya walioazima, naye aliyafuatilia majina yale mpaka kwenye matokeo ya mtihani. "Hiki chukua," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Kila aliyekiazima mara mbili amefaulu." Walimsikiliza, na hakuwapoteza.

Siku moja nilimpelekea uji nikamkuta amefunua kitabu kikubwa, anapitisha kidole mstari kwa mstari. Nikamwuliza anasoma nini. Akasema, "Naangalia tu, Sekela." Akakifunga haraka kidogo. Niliumia, na mpaka leo nikikumbuka kile kidole naumia.

Sasa nije kwa wifi yangu. Kaka yangu Gwamaka, karani wa kiwanda cha chai, alimwoa Atupokile mwaka 1992. Atupokile alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Nkunga. Alipomaliza kidato cha nne alichaguliwa kuendelea na cha tano, lakini baba yake aliugua, nyumbani wakamwambia aende ualimu apate kazi upesi asaidie wadogo zake. Akaenda, hakulalamika. Lakini akiona wasichana wa kidato cha tano wanapita barabarani na madaftari kifuani, alisimama akawatazama mpaka wapotee. "Wifi," aliniambia siku moja, "mimi kuna chumba niliitwa nisiingie. Kila siku nakiona mlango." Mimi nikamtania kwamba ana mume, ana mshahara, anataka nini tena. Hakucheka.

Zile zilikuwa zama za ruksa. Soko la Tukuyu lilijaa kila kitu: mitumba, ambayo hata mimi niliuza, redio za kaseti, sabuni za harufu ambazo hatukujua majina yake. Kitu ambacho ruksa haikukileta kwetu ni vitabu vya kidato cha sita. Vilivyopatikana Mbeya mjini, bei yake ilikuwa ya kusoma na kuondoka. Mwaka 1994 Atupokile akajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa binafsi, Historia, Jiografia na Kiswahili, mtihani uwe Mei ya mwaka unaofuata. Vitabu alivyovihitaji vilikuwa mahali pamoja tu. Akaenda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Erasto, mtu wa Singida mwenye roho nzuri na haraka nyingi, naye akamwandikia kibali: mwalimu huyu atumie maktaba kila Jumamosi.

Hapo niwaeleze wasio wa kwetu. Mkamwana na baba mkwe kwetu hawaonani. Sisemi hawaelewani, nasema hawaonani kwa macho. Mkamwana akijua baba mkwe anakuja, anaacha njia anaingia kwenye migomba. Baba mkwe akijua mkamwana yuko jikoni, anazunguka nyuma ya nyumba. Hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawasemezani. Tunaita kutila, na ni heshima, si ugomvi. Siku hizi wengi wameacha, na hata wakati ule walikuwapo wazee wa kanisa waliosema hayo ya kale yamepita. Baba naye alikuwa mzee wa kanisa, lakini kwa hili hakutikisika. Marehemu mama hakuwahi kumtazama babu yetu usoni, na baba alimsifu mama kwa hilo kuliko hata kwa kutuzaa.

Atupokile alidhani Jumamosi mtunza maktaba hafanyi kazi. Kumbe Jumamosi ndiyo siku yenyewe, wanafunzi wakiwa hawana vipindi. Akapanda kilima na kibali chake kimefungwa kwenye plastiki, akachungulia, akaona mgongo anaoujua. Akarudi kinyumenyume akajificha nyuma ya tangi la maji. Baba naye alikuwa ameshaona pindo la kitenge, akageuza kiti kikatazama ukuta. Asubuhi nzima wanafunzi waliokuja kuazima vitabu walimkuta mzee anaongea na ukuta, na nje mwalimu mzima amesimama mvuani. Jumamosi tatu mfululizo mambo yalikuwa hayo. Ya tatu akaja sokoni kwangu, akakaa juu ya marobota ya masweta, akalia.

Mimi hasira zangu zilikuwa karibu siku zile. Nilifunga biashara nikapanda nyumbani kumkabili baba.

"Baba, mkweo amebakiza miezi tisa tu afanye mtihani. Unamzuia kwa ajili ya kiti?"

"Sijamzuia," akasema. "Nimemgeuzia uso kama inavyotakiwa."

"Na vitabu avisome kupitia dirishani?"

Alichokonoa kiko chake. Kisha akasema, "Mimi na yeye hatukai chumba kimoja. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba chumba hicho lazima nikae mimi."

Ikawa hivi. Kila Jumamosi saa tatu baba aliwasha jiko la mkaa ndani ili unyevu upungue, akapanga vitabu mezani, kisha akafungua dirisha la mbao linalotazama barabara. Dirisha likiwa wazi, maana yake ametoka kwa mlango wa nyuma kwenda kupalilia migomba ya shule. Atupokile akaingia. Saa sita akafunga dirisha, akaondoka, baba akarudi. Wanafunzi walihudumiwa mchana. Kanuni za maktaba zilisema chumba kisiachwe bila mtunzaji hata dakika moja, kanuni hizo alikuwa ameziandika ukutani baba mwenyewe kwa ule mwandiko wake. Mwenye shida hachagui.

Akihitaji kitabu, Atupokile aliandika kwenye kipande cha karatasi, juu akaweka "Kwa Maktaba", maana jina la baba mkwe halitajwi wala haliandikwi. Jumamosi inayofuata kitabu kiko mezani, na viwili ambavyo hakuviomba, vile ambavyo kila aliyeviazima mara mbili alifaulu.

Baada ya mwezi mmoja hivi baba aliniita. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno. Aliulizia bei ya masweta, ambayo hakuwahi kuijali. Mwisho akasema, "Mwambie, kama hatachoka, aniandikie humo ndani mna nini."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani ya vitabu, Sekela. Miaka yote hii nimekuwa bawabu wa nyumba ambayo sijaingia."

Nikalipeleka neno. Jumamosi ile Atupokile akabaki nusu saa zaidi akaandika kurasa mbili za Kiswahili safi, akaziacha chini ya kitabu cha jiografia. Zilikuwa za milima ya moto. Aliandika kwamba Rungwe wenyewe uliwahi kuwaka, na kwamba ziwa kama la Masoko ni shimo la mlipuko lililojaa maji. Baba alizisoma kurasa zile mpaka zikalegea. Jumatatu akaomba ruhusa, akaenda Masoko kwa miguu, yeye ambaye ujana wake alioga kwenye ziwa lile mara zisizo na idadi. Alirudi jioni amelowa.

"Liko vilevile," akasema. "Lakini sasa nalijua."

Tangu hapo kila Jumamosi zilibaki kurasa mbili, wakati mwingine tatu. Upepo wa bahari unavyoleta mvua. Watu waliojenga kwa mawe bila chokaa. Mimi nilikuwa nikipita nyumbani namkuta anazisoma kwa sauti, na sijui kama nimewahi kumwona mtu wa miaka sitini ana furaha ya namna ile. Aliniambia siku moja, kwa aibu, kwamba kuna maswali angependa kumwuliza yule mwalimu. Nikamwambia nipe niyapeleke. Akatikisa kichwa. Alisema maswali mengine yanataka mtu ayaulize mwenyewe, na uone mwenzako anavyofikiri kabla hajajibu. Hilo lilikuwa haliwezekani, na wala hakulirudia.

Mwezi wa tatu Atupokile alianza habari ndefu, ya Wangoni walivyokimbia vita vya kusini wakihama na ng'ombe na watoto. Muda ukamwishia, akaandika mwishoni: "Wamefika mto Zambezi. Nitamalizia Jumamosi." Wiki nzima baba alikuwa na wale watu ukingoni mwa mto.

Jumamosi hiyo Mwalimu Erasto aliingia maktaba ghafla akitafuta atlasi. Akamkuta Atupokile peke yake, mlango wa nyuma wazi, na mtunza maktaba kule nje ana jembe. Alikasirika, na kwa haki kabisa. Alimwita baba ofisini, na baba alinisimulia maneno yote jioni ile ile.

"Mzee," mkuu wa shule alimwambia, "huyu ni mkweo, si simba. Wewe kaa kwenye meza yako, yeye akae kwenye yake, hata mkipeana migongo. Vinginevyo kibali chake nakifuta. Nipe jibu Jumatatu."

Mimi nilimwambia baba akae tu. Nilimwambia mambo yamebadilika, hata Tukuyu sasa kuna video, Mungu hatamwuliza habari ya kiti. Baba alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wewe unaona habari ya mimi," akasema. "Mwangalie yeye. Nikikohoa ataruka. Nikigeuka atainama. Imebaki miezi miwili, na saa tatu zile ndizo anazo. Anasoma huku ananiogopa, atasoma nini?"

"Basi asije."

"Aje," akasema. "Yeye ndiye aje."

Siku zile karatasi za redandansi zilikuwa zinazunguka kila ofisi ya serikali, na shule ilikuwa imeagizwa ipunguze watu wawili wasio walimu. Mwalimu Erasto alikuwa ameshachagua mpishi mmoja na mlinzi mmoja. Jumatatu asubuhi baba aliingia ofisini kwake, akavua kofia, akamwomba amtoe mlinzi kwenye orodha amwandike yeye. Sharti lake lilikuwa moja: funguo apewe mwalimu yeyote, na kila Jumamosi mpaka mtihani uishe Atupokile aachiwe meza yake. Mkuu wa shule alimkatalia. Alimwambia akatafakari, akamwambia ni ukaidi. Baba akabaki amesimama na kofia mkononi. Saa nne jina lake lilikuwa kwenye orodha.

Alinikataza nisimwambie Atupokile sababu. Watu wengine aliwaambia miguu inamuuma. Katika maktaba nzima alichukua kitu kimoja tu, zile kurasa, kwenye bahasha ya kaki.

Jumamosi iliyofuata Atupokile alikuta kijana mwalimu kwenye meza ya baba na hakuna kitabu kilichopangwa. Akaja kwangu uso umemshuka. "Wifi, nimemkosea nini? Niliandika vibaya?" Nikamwambia mzee amechoka. Akasita kuandika kurasa tena, akiona hazitakiwi, na mimi kwa ujinga wangu wa kutunza siri nikaacha iwe hivyo. Kwa hiyo kila mmoja akabaki upande wake akidhani mwenzake ameridhika kunyamaza.

Na baba nyumbani? Siku za kawaida alilima. Jumamosi ilipofika saa tatu alinawa mikono kwa sabuni, vizuri, mpaka viwikoni, halafu akakaa kibarazani hana cha kushika. Nilimkuta mara moja kwenye dari la jikoni anapanga mahindi kwa safu, makubwa juu, madogo chini. Nikamcheka, naye akacheka. Nilipofika barabarani nikalia, maana nilielewa kwamba anapatamani mahali ambapo angeweza kufika kwa robo saa, na hawezi kwenda.

Atupokile alifanya mtihani Mei. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu, daraja la tatu, si la kutamba lakini lilitosha kumpeleka chuo cha diploma, Morogoro. Akabeba mkungu wa ndizi kwenda kumshukuru Mwalimu Erasto. Mkuu wa shule, akidhani sisi sote tunajua, akamwambia, "Mshukuru mkweo. Kazi yake aliitoa kwa ajili yako." Akatoka pale, akapita maktaba aage walau ile meza. Hapakuwa na meza ile. Tangu mtihani uishe chumba kimefanywa cha tuisheni, watoto wa wenye uwezo wanafundishwa hapo jioni na Jumamosi kutwa. Rafu zimetolewa. Vitabu vimetiwa kwenye magunia, magunia yako stoo, na stoo ile inavuja.

Alikuja kwangu na habari zote mbili. Kwanza alinigombeza kwa kumficha, na nilistahili. Akasema, "Na yeye anajua ya magunia?" Nikamwambia hajui, hajapanda kule tangu aondoke.

Alikuja kuaga Jumapili moja mchana, baada ya kanisa. Alikaa ndani ya jiko la mianzi, amegeukia ukuta. Baba akaleta kiti chake akakaa nje, upande wa pili wa ukuta huo huo, anatazama migomba. Mimi nikawekwa kizingitini, katikati. Kati yao hapakuwa na hata hatua mbili, na mianzi haizuii sauti.

"Wifi," Atupokile akasema, "mwambie nimekuja kuaga."

"Baba, amekuja kuaga."

"Mwambie nimesikia," akasema baba. "Aende salama."

"Anasema uende salama."

Nikawa mkalimani wa watu wanaosikiana. Nikataka kucheka, lakini Atupokile alikuwa amefunga mikono yake mapajani, imekazana, nikaacha.

"Wifi," akasema, "mwambie kuna watu niliwaacha kwenye mto Zambezi."

Sikuhitaji kulirudia. Nilisikia kiti cha baba kikisogea karibu na ukuta. Basi Atupokile akaanza, akinisimulia mimi kwa sauti ya darasani: jinsi walivyovuka, jua lilivyopatwa giza likiwa mchana siku ile, walivyopanda kaskazini miaka na miaka, kiongozi wao alivyofia njiani, watoto wake wakagawana watu, wengine wakashuka upande wa Songea, wengine wakarudi kusini, magharibi ya ziwa Nyasa. Alisimulia mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye banda la kuku. Sikuwa na haja ya kusema chochote, na hakuna aliyenikumbuka.

Alipomaliza, baba akagonga kiko chake kwenye mguu wa kiti. Kisha akasema, "Sekela, mwulize. Kuna aliyerudi kwao?"

"Anauliza kama kuna aliyerudi kwao."

"Mwambie hakuna. Walipofika ndipo pakawa kwao."

Nikasema. Baba akaitikia kwa koo. Nilidhani yameisha, nikaanza kuinuka, ndipo akaniita tena, polepole, sauti ya mtu aliyelibeba neno miezi mingi.

"Mwulize kitu kimoja. Pale juu, watoto bado wanaingia kusoma?"

Atupokile aligeuza uso akanitazama. Huyu ni mtu ambaye shuleni kwake alimrudishia mzazi kuku wa shukrani kwa sababu mtoto alikuwa hajafaulu.

"Mwambie wanaingia," akasema. "Mwambie wanajaa mpaka mlangoni, na kila mmoja ananawa mikono."

Mimi nilikuwa naujua ukweli wote, na magunia yote. Nikageukia mianzi.

"Baba, anasema wanajaa mpaka mlangoni, na kila mmoja ananawa mikono."

Upande wa pili nikasikia anavuta pumzi, anaitoa.

"Mwambie ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Mwambie ndaga fijo."

Atupokile alikuwa ameshasikia, anafuta machozi kwa pindo la kitenge. Lakini nikamwambia.